Pua ya Upinde

Niliingia Maskati mwishoni mwa miaka ya tisini nikitokea Muheza, kufanya kazi za ndani kwa wazee wawili waliokuwa na nyumba nyeupe Madinat Sultan Qaboos. Walikuwa Waomani wa Unguja, wamezaliwa na kukulia huko, wakarudi kwenye nchi ya mababu zao wakiwa na Kiswahili kitamu kuliko cha kwetu na Kiarabu ambacho, kwa maneno ya mama mwenye nyumba mwenyewe, majirani walikuwa wakikicheka kwa adabu. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa. Niliwaita Babu na Bibi, nao waliniita binti, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na moja na mtoto wangu mwenyewe nimemwacha kwa mama.

Babu alikuwa amestaafu kazi ya wizara, na kustaafu kulimkaa vibaya. Alikuwa akinifuata jikoni kunionyesha namna bora ya kupanga vifuniko vya sufuria. Alifungua redio mbili, akaweza kurudisha moja tu. Bibi aliomba dua apate shughuli, na dua yake ikajibiwa kwa namna ambayo hakuitegemea.

Jirani yetu, Mzungu wa kampuni ya mafuta, alikuwa anahama. Akatandaza vitu vyake uani na kuviuza. Bibi alikuwa ameona pasi nzuri pale, akamtuma Babu. Baada ya saa nzima Babu akarudi amebeba sanduku refu jeusi kama la kubebea gitaa.

"Pasi iko wapi?" Bibi akauliza.

"Ishachukuliwa."

"Na hichi?"

"Hichi hakikuwa na mtu."

Akalifungua juu ya meza ya kulia. Ndani mlikuwa na upinde, lakini si upinde wa kijiti na kamba kama tunavyoujua. Ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya majani makavu, una gurudumu dogo juu na gurudumu dogo chini, na nyuzi zimepita huku na huku kama cherehani iliyokasirika.

"Upinde wa makapi," Babu akasema kwa fahari.

Mimi kwetu makapi ni yale tunayopepeta kwenye ungo na kuwamwagia kuku. Nikamwonea huruma kimoyomoyo, nikidhani ameuziwa takataka na anakiri mwenyewe. Kumbe alikuwa na maana ya kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba kisimani. Akanieleza kazi yake: ukivuta, mwanzo upinde unakukatalia kama punda, lakini ukifika mwisho yale magurudumu yanageuka, uzito unashuka ghafla, unabaki umeushika kama umeshika kikapu kitupu. Hapo unapata nafasi ya kulenga kwa utulivu.

Mzungu alikuwa akiuwindia kulungu kwao. Huku kuwinda kumekatazwa, na hata kusingekatazwa Babu asingeweza; paka wa jirani akimkazia macho, Babu ndiye aliyekuwa akiinamisha uso. Alitaka shabaha tu. Akajaza gunia matambara, akalisimamisha uani, akavuta, akaachia. Upinde ukaruka mkononi mwake kama samaki, ukapiga kelele *twang!*, na mshale ukaenda kushoto, ukatoboa kanga ya Bibi kwenye kamba ya nguo, ukachoma katikati ya ukuta wa banda la kuku.

Bibi alitoka na kisu cha kukatia vitunguu mkononi. Aliitazama kanga. Alimtazama Babu.

"Hapa nyumbani, khalas," akasema.

Ndiyo maana tukahamia shambani. Kaka yake Bibi alikuwa na shamba la mitende huko Sib, na kila Ijumaa wazee walikuwa wakienda kula chakula cha mchana huko. Kwa mkataba wangu Ijumaa ilikuwa siku ya kupumzika. Kwa kawaida nilikwenda Wadi Kabir kwa wenzangu wa Tanga, tukasukana nywele na kupika ugali. Lakini Bibi aliniomba nifuatane nao, walau Ijumaa chache. "Nenda naye ukamshikie mishale," akasema. "Mimi nikimsimamia ananena nnamghasi. Wewe atakuskiza."

Kaka yake Bibi, ambaye sote tulimwita Mjomba, alikuwa polisi mstaafu mwenye masharubu makubwa na sauti ya kuamrisha magari. Yeye na Babu walikuwa wakishindana tangu wako skuli moja Unguja: keram, dhumna, nani alikuwa wa kwanza kujua kuogelea, nani embe zake ni tamu zaidi. Alipouona upinde tu, akampigia simu mwanawe aliyekuwa akisoma nje. Wiki tano hazikupita naye akawa na wake, mpya, na mbele yake kimefungwa kifimbo cheusi kirefu kama mkono wa mtu mzima.

"Hiyo nini?" Bibi akauliza. "Upinde wako umeota pua."

Mjomba akaeleza kuwa hiyo ni stebilaiza. Inafungwa kwenye tundu la skrubu chini kidogo ya mshikio, na kazi yake ni kuutuliza upinde usitikisike unapolenga wala usiruke unapoachia. Alieleza kwa kirefu. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwa Bibi, na kuanzia siku ile hakuna aliyeita kitu kile vinginevyo ila pua.

Shabaha ilikuwa gunia la matambara lililochorwa duara tatu: kubwa kwa kuzungushia sinia, ya pili kwa sahani, ya katikati kwa kikombe cha chai. Sinia alama moja, sahani mbili, kikombe tatu. Ijumaa ile Mjomba alipiga sahani na vikombe. Babu alipiga sinia mara mbili na mnazi mara tatu. Ulikuwa mnazi pekee katika shamba zima. Mjomba aliuleta kutoka Salala akauotesha kwa mapenzi makubwa.

"Si mkono," Babu akaniambia ndani ya gari tukirudi. "Ni pua. N'taka pua."

Jumamosi tukaenda Hamriya, Bibi akiwa ameniagiza nimsindikize asije akarudi na bunduki. Tukaingia duka la vifaa lililojaa mpaka darini, feni, ndoana, taa za kandili. Mwenye duka, Mhindi mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisikiliza neno moja tu.

"Stebilaiza? Ipo. Ya friji au ya eisii?"

"Ya upinde."

"Upinde wa kampuni gani?"

Kabla Babu hajajibu, yule bwana alikuwa amekwisha panda ngazi na kushuka na dude la bati lenye taa nyekundu na waya, lile la kulinda friji umeme ukipanda na kushuka. Akalipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe. Babu akaonyesha kwa mikono: akavuta upinde wa hewa, akafunga jicho moja. Mwenye duka akarudi nyuma hatua mbili. Mimi nikasema, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kuwa ni kifimbo cha kuzuia mtikisiko. Akafikiri sana, kisha akatuletea mguu wa kusimamishia kamera. Tulimshukuru, tukatoka, tukafika kwenye gari. Hapo Babu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashindwa kutia ufunguo.

Mimi ndiye niliyesema tujaribu Wadi Kabir. Nilikuwa napajua vizuri kuliko yeye. Karibu na chumba cha wenzangu palikuwa na karakana ya Mpunjabi mmoja anayekereza vyuma, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, anayesifika kwamba akionyeshwa tundu anaweza kutengeneza chochote cha kuingia humo. Babu akampa upinde. Yule fundi aliugeuza, akaubonyeza, akanusa magurudumu. Akaleta kopo la skrubu akajaribu moja baada ya nyingine kwenye lile tundu la mbele, ya ishirini na kitu hivi ikazunguka ikaingia bila kelele.

"Sasa," akauliza kwa Kiarabu cha gereji, "nani anapiga? Wewe? Shika. Nyoosha mkono. Kaa hivyo."

Babu akanyoosha mkono na upinde. Fundi akaanza kukaza boliti za mtu mwingine, bila haraka, akimtazama kwa jicho la pembeni. Baada ya muda mkono wa Babu ukaanza kutetemeka kama mfuniko wa birika. Fundi akautoa upinde mkononi mwake kwa upole, akanipa mimi. Sikutegemea. Niliunyoosha nikakaa. Nimeteka maji kisimani na kutwanga mahindi tangu nina miaka saba. Uzito ule ulikuwa wa kawaida tu.

"Huyu," fundi akasema akinionyesha kwa spana, "pua ya namna yoyote. Wewe, arbab, bwana mkubwa, pua ndogo."

Babu hakupenda. "Ntengenezee ndefu," akasema. "Ndefu kuliko mkono wa mtu."

Fundi akatikisa kichwa lakini akachukua kazi. Tuliporudi baada ya siku mbili alikuwa ametengeneza tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu kama ile aliyoagiza Babu, fimbo ya chuma kitupu. Ya pili bomba jepesi la alumini, urefu wa kiasi, na uzito kidogo umewekwa nchani. Ya tatu ilikuwa fupi, haizidi shibiri, nene, na katikati yake ametia raba nyeusi aliyoikata kwenye kishikio cha ekzosi ya gari. Mbili hizo hatukumwagiza. Alisema alizitengeneza kwa sababu hakupenda tumlaumu.

Babu akazitia zote kwenye begi, lakini Ijumaa akafunga ile ndefu tu. Kwa kuipima na ya Mjomba, ilizidi kwa vidole vinne. Nilimwona anapima.

"Babu," nikasema, "yule fundi alisema..."

"Yule fundi wa magari, binti."

Akasimama, akavuta. Makapi yakageuka. Lakini ile fimbo ya chuma ilikuwa ikiuvuta upinde chini mfano wa mtu anayesinzia, Babu anauinua, unashuka, anauinua tena, uso umekuwa mwekundu. Akaachia katikati ya kuinua. Mshale ukapita juu ya gunia kwa heshima kubwa, ukavuka migomba, tukasikia sauti kama ya kupiga ngoma mbovu. Halafu sauti ya maji.

Ulikuwa umeingia kwenye tangi la maji la Mjomba, lile jeupe lililowekwa juu ya matofali. Mjomba alipouchomoa mshale ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maji yakatoka kwa nguvu yakampiga usoni. Babu akakimbia akaziba tundu kwa kidole. Akakaa hivyo, kidole tunduni, bwana mkubwa wa wizara amelowa kanzu yote, na mbuzi watatu wakaja kunywa miguuni pake. Mjomba alitafuta gundi kwa muda mrefu sana. Nilikuwa na shaka kuwa gundi ilikuwa mfukoni mwake tangu mwanzo.

Bega la Babu likavimba. Bibi alimkanda kwa mafuta ya mkarafuu siku nne huku akimsomea makosa yake kuanzia mwaka waliooana. Siku ya tano Babu akaniita sebuleni. Alikuwa amekaa kitini, taulo begani, na zile pua tatu zimelazwa mbele yake juu ya mkeka.

"Nimefikiri," akasema. "Mimi siwezi kuvuta. Lakini masikio nnayo. Na wewe una mkono."

Bibi alikuwa amekwenda kwa mgonjwa, kwa hiyo tukathubutu kutumia ua. Kwanza Babu alilegeza mikono ya upinde kwa kuzungusha boliti zake, ukawa mwepesi zaidi. Kisha akanifundisha. Nisimame ubavu. Nisiubane mshikio, niushike kama ninavyomshika kifaranga. Na nisiachie kamwe bila mshale, kwani upinde huo unaweza kupasuka. Tulisogeza gunia mpaka karibu na ukuta, hatua nane tu.

Mshale wangu wa kwanza, bila pua yoyote, ulipiga gunia. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Nyamaza, tunafanya kazi," Babu akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Tukajaribu moja moja. Kila nilipofunga pua aliniambia nivute, nilenge, nisiachie, nihesabu mpaka kumi huku nikimweleza kile kidoa cha kulengea kilichofungwa juu ya mshikio kinafanya nini juu ya duara la kikombe. Bila pua kilirukaruka kama nzi. Kwa ile ndefu kilitulia sana, lakini nilipofika saba kilianza kuzama na mkono kuwaka moto. Kwa ile ya alumini kilitembea polepole, nikafika kumi, ila nilipoachia upinde ulitoa mlio mwembamba uliobaki hewani. Nilipofunga ile fupi ya raba, kidoa kilizungukazunguka ndani ya kikombe bila kutoka. Nikaachia.

"Umesikia?" Babu akauliza.

"Sijasikia kitu."

"Ehee. Na mkononi?"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umetulia. Upinde ulikuwa umeinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayesema haya, basi.

Babu akaichukua ile pua fupi akaigeuza vidoleni kwa muda. "Nlitaka ya Mjomba," akasema, na hakuwa akiniambia mimi hasa. "Sikutaka ya kwangu. Mzee mzima."

Jumapili yake nilimpigia simu mama yangu Muheza kwa kadi, nikaongea na mtoto kwanza, halafu nikamwambia mama nimejifunza kupiga upinde.

"Kwani huko kuna vita?" akauliza.

Nikamwambia hapana, ni mchezo. Kadi ilikuwa inakwisha.

"Basi usiwaambie watu," akasema.

Bega lilipopoa tukarudi Sib. Mjomba alipoiona pua fupi alicheka mpaka masharubu yakapanda. "Pua ya paka!" akasema. Babu akahesabu mishale. Wakakubaliana mishale mitano kila mtu. Mjomba akapiga kwa madaha, akapata kumi na moja. Babu akaanza. Kikombe. Sahani. Sahani. Sahani tena. Sijapata kumwona anapumua vizuri vile. Lakini baada ya mshale wa nne alishusha upinde, akajishika bega, nami nikaona midomo imebana. Alikuwa na tisa.

"Wa tano atapiga binti," akasema.

"Yaani mtumishi apige badala yako?" Mjomba akauliza.

Neno lile si tusi, na ndiyo kazi niliyokuwa nafanya. Hata hivyo masikio yangu yakapata moto. Nilikuwa tayari kurudi kwenye sufuria.

"Huyu mtu wa nyumba yangu," Bibi akasema kutoka mkekani, bila kuacha kumenya chungwa. "Na wewe bega lako zima, hivyo usitie maneno. Piga, mwanangu."

Nikasimama ubavu. Niliushika upinde kama kifaranga. Kidoa kikazunguka ndani ya kikombe, kikatoka, kikarudi, na kiliporudi nikaachia. Hapakuwa na sauti ila ile ya gunia kupokea.

Tukaenda wote kutazama. Mshale ulikuwa umesimama juu ya mstari wenyewe, kati ya sahani na kikombe. Mjomba akasema mbili, kwa hiyo wamelingana. Babu akasema tatu. Wakaanza kutoa ushahidi wa michezo ya keram ya miaka arubaini nyuma. Bibi akaja na kikombe chake cha chai, akamwaga masazo, akakifunika pale kwenye mchoro. Ukingo wa kikombe ukagusa mshale.

"Tatu," akasema.

"Wewe si hakimu, wewe mkewe!"

"Na dada yako vilevile. Tatu."

Wiki iliyofuata, wenzangu wa Wadi Kabir walinieleza kuwa gari la mzee mmoja mwenye masharubu makubwa limesimama nje ya karakana ya Mpunjabi tangu asubuhi. Mjomba hakuwahi kutuambia alikwenda huko. Ijumaa yake akafika shambani na pua fupi yenye raba, akadai mwanawe amemletea kwa posta. Babu akaishika, akaigeuza, akaona raba ya ekzosi, akamrudishia na kumsifu mwanawe kwa kuchagua vizuri.

Nilipiga upinde karibu kila Ijumaa kwa miaka mitano mingine. Ijumaa nyingine nilikwenda Wadi Kabir kusukwa, lakini mara nyingi nilichagua shamba, kwa hiari yangu, na Babu akanitengea kitambaa cha kufungia mkono, cha kwangu peke yangu. Niliwahi kumshinda Mjomba mara kadhaa bila kikombe cha Bibi kuhitajika. Aliacha kuniita mtumishi, akawa ananiita "yule adui".

Miezi michache kabla sijarudi Muheza kabisa, tulikuwa huko huko Sib, wazee wawili wakigombana kama upepo unahesabika au hauhesabiki. Bibi alichoka. Akainuka mkekani, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaja akaniomba upinde. Nilimwonyesha pa kushika. Akauvuta kwa shida, makapi yakageuka, akashangaa kidogo ulivyokuwa mwepesi, akafunga jicho lisilotakiwa kufungwa, akaachia. Mshale ukaingia kikombe, katikati kabisa.

Babu alikuwa ameachama. Mjomba alivua kofia.

"Bibi, piga tena!" nikamwambia.

"Wa nini?" akasema, akanirudishia upinde. "Nshapiga. Nani anataka chai?"